Vifungo Mbele ya Mahameli

Kacha.

Sauti ilikuwa hiyo tu, ya mkasi mkubwa ukifunga meno yake mwishoni mwa kitambaa. Baada yake hakuna aliyesema neno, na kimya hicho ndicho kilichomwingia msichana kuliko sauti yenyewe. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mwezi wake wa tano katika karakana ya ushonaji, na ndiyo kwanza amemaliza kukata mikono ya koti la mteja. Aliinua vile vipande viwili, akavilaza sambamba juu ya meza, akaviangalia. Vyote vilikuwa vya mkono wa kushoto. Kosa hilo ni la mafundi peke yao. Ukisahau kuigeuza pateni, ile karatasi yenye umbo la nguo, kitambaa chenye uso na mgongo kinakuzalia mikono miwili inayofanana, na binadamu mwenye mikono miwili ya kushoto hajapatikana bado.

Fundi Mkuu hakumgombeza. Laiti angemgombeza. Alimsogelea, akautoa mkasi mkononi mwake polepole kama mtoto anavyonyang'anywa kisu, akautundika kwenye msumari wake ukutani, kisha akamsukumia kopo la bati.

"Kaa na hivi kwanza," alisema.

Ndani ya kopo mlikuwa na vifungo. Na hilo "kwanza" likadumu miaka kumi na mmoja.

Jina lake la nyumbani lilifia mlangoni pa karakana. Wenzake walimwita Vifungo, wateja wakamwita Vifungo, na yeye mwenyewe akaitika. Karakana ilikuwa chumba kirefu juu ya duka la rangi na misumari, chenye dirisha moja pana linalotazama barabara, cherehani tatu, pasi nzito, na katikati meza ya kukatia ambayo Fundi Mkuu aliifuta kila asubuhi kama mtu anayefuta uso wa mwanawe. Walishona sare: za shule, za walinzi, za wauguzi. Vifungo alikaa kwenye kigoda chini ya dirisha, akitoboa na kuzungushia uzi matundu ya vifungo, na matundu yake yalikuwa mazuri mno. Yalilala kwenye nguo kama macho ya mtoto aliyeshiba. Lakini akitaka kwenda upande wa pili wa chumba, hakupita ukutani ulipotundikwa mkasi. Alizunguka meza nzima.

"Huo mkasi ni mkweo au?" Mama Pacha alimtania kutoka kwenye cherehani yake. "Mbona humpiti mbele?"

Vifungo alicheka na wenzake. Kucheka na wanaokucheka ni kazi nyepesi, haihitaji mtu kufungua moyo.

Woga ukishapewa chumba kimoja huomba nyumba nzima. Ulianzia kwenye mkasi, ukatoka naye hadi barabarani. Akipewa nyanya mbovu sokoni, alizipokea akashukuru. Akiulizwa kama chai ina sukari ya kutosha, alisema ndiyo kabla hajaionja. Simu ikilia alimtazama mtu mwingine. Na alipokuwa akilala alipitia maneno yote aliyoyasema tangu asubuhi, moja moja, kutafuta lipi lilikuwa la kijinga.

Alikuwa akiishi na shangazi yake, dada wa baba yake, aliyemlea tangu ana miaka saba. Shangazi alikuwa mpishi wa bweni kwa miaka thelathini, na kwa miaka thelathini aliita wanafunzi mia nne kula bila kengele. Sauti hiyo hakuiacha kazini alipostaafu.

"Hebu niambie, woga huu umeurithi kwa nani?" alimuuliza siku aliporudi na nyanya zinazotoa maji. "Baba yako alikuwa akiogopa panya tu. Mimi naogopa daktari wa meno. Wewe unaogopa nyanya!"

"Siogopi nyanya, Shangazi. Yule mwuzaji ana maneno."

"Na wewe huna? Haya, nisikilize. Kuanzia kesho, kila siku unanifanyia kitu kimoja unachokiogopa. Kimoja, kidogo. Sikutumi ukapigane na simba. Jioni unakuja hapa unanisimulia."

Siku ya kwanza Vifungo alimwuliza askari wa barabarani ni saa ngapi. Askari akamtazama mkononi, akamwambia, "Dada, si umevaa saa?" Alitaka ardhi ipasuke. Shangazi alipoisikia habari hiyo alicheka hadi akaanza kukohoa, kisha akafuta macho na kusema, "Umekufa?" "Hapana." "Basi kesho tena."

Siku nyingine, kwenye foleni ya zahanati, alimwambia baba mmoja mnene, "Samahani, nilikuwa mbele yako." Yule baba akasogea bila hata kugeuka. Vifungo alisimama pale akishangaa jinsi jambo kubwa kiasi hicho kwake lilivyokuwa jepesi kwa mwenzake.

Tusidanganyane, woga haukupungua. Siku zilikuwepo alizoshindwa, na siku zilikuwepo alizomdanganya Shangazi, akabuni karani mkali wa posta ambaye hakuwahi kumwona. Kilichobadilika kilikuwa kidogo sana: alianza kuuzoea ule mwendo wa moyo, kama mtu aliyehamia karibu na reli anavyozoea treni. Bado inatetemesha vikombe, ila hakurupuki tena kitandani.

Wiki ya sita alichukua mkasi wa jikoni na gazeti kuukuu, akapiga magoti sakafuni, akakata mkono mmoja wa koti. Wa kulia. Halafu wa kushoto. Alivishika vile vipande viwili mikononi kwa muda mrefu bila kumwita mtu. Tangu hapo kila Jumapili alikata: migongo, vifua, viuno, kola.

"Magazeti yote umeyavalisha suruali," Shangazi alilalama. "Juzi nilikuwa nasoma habari ya mafuriko, imefika kiunoni ikaisha."

Muuguzi alikuja karakanani Jumanne. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye miguu iliyochoka, na alishika kifurushi kwa mikono miwili kama anavyoshika watoto wa wenzake katika wodi ya wazazi. Ndani mlikuwa na mahameli ya zambarau iliyokolea, mita nne.

"Jumamosi naagwa kazini," aliwaambia. "Wenzangu wodini ndio walionichangia hii. Ilikuwa mwisho wa jora, dukani haipo tena, na mjini nimeambiwa haipo. Miaka thelathini na minne nimevaa nyeupe, jamani. Nataka siku moja nivae rangi. Gauni refu, mikono mirefu."

Fundi Mkuu alimpima kwa heshima zote, na Muuguzi, kabla ya kuondoka, akakiweka kitambaa mapajani mwa Vifungo kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa karibu. Vifungo alikipapasa. Alipopitisha kiganja kwenda chini, manyoya yake madogo yalilala, laini kama mgongo wa paka. Alipokirudisha juu yalisimama, yakakataa, na rangi ikageuka kuwa nzito zaidi, karibu nyeusi. Alirudia mara tatu, nne. Kisha akakikunja na kukiweka mezani, na mwili ukamsisimka bila yeye kujua ni msisimko wa furaha au wa nini.

Jambo moja inafaa lisemwe sasa, ingawa karakanani hakuna aliyelisema kwa sauti. Macho ya Fundi Mkuu yalikuwa yameanza kumtupa. Kwa miezi kadhaa alikuwa akiinua uzi na kuwauliza, "Huu ni bluu au mweusi?" kwa sauti ya mwalimu anayewajaribu wanafunzi. Nao walimjibu kama wanafunzi.

"Mtoto wa jicho huyo," Mama Pacha alinong'ona siku moja. "Na keshakuwa mtu mzima sasa, anaoa kesho kutwa."

Asubuhi ya Jumatano Fundi Mkuu alikitandaza kitambaa mezani, upande wa ndani ukiwa juu, akapanga pateni zake na kuanza kuchora kwa chaki. Alifanya kama alivyofanya kwenye sare maelfu kwa maelfu: ili kitambaa kitoshe, kipande cha kifua kilielekea dirishani na kipande cha mgongo kilielekea mlangoni, kichwa cha kimoja miguuni mwa kingine. Kwa kitambaa cha sare ni werevu. Kwa mahameli ni balaa. Gauni likishashonwa, manyoya ya mbele yangelala chini na ya nyuma yangesimama juu, na Muuguzi angesimama mbele ya wodi nzima akiwa na kifua cha zambarau na mgongo mweusi, kama aliyevaa nguo za watu wawili.

Vifungo aliliona hilo akiwa na sindano mkononi, na sindano ikamchoma.

Alisubiri Fundi aone mwenyewe. Fundi alichora mkono wa kwanza. Alisubiri Mama Pacha aone. Mama Pacha alikuwa akishona mifuko ya suruali za walinzi huku akiimba. Labda nimekosea, alijiambia. Labda Fundi ana namna yake. Mimi ni nani? Na kama nikisema, na kumbe siyo, nitatazama wapi miaka mingine kumi na mmoja? Kisha akili ikamletea jambo baya zaidi: kama ni kweli? Mtu aliyemnyang'anya mkasi mbele za watu, leo yeye amnyang'anye wake mbele za watu? Angemfukuza. Yeye na Shangazi wangekula nini?

Alinyanyuka. Alizunguka meza. Akasimama nyuma ya bega la Fundi, mahali ambapo harufu ya chaki na mafuta ya cherehani ilikuwa kali.

"Fundi."

"Naam."

"Chai iko tayari."

"Niwekee hapo."

Alimimina chai, nusu kikombe nusu sahani. Halafu akamwendea Mama Pacha, akamwinamia sikioni. "Kipande cha mgongo kimekaa kichwa chini. Mahameli haipishanishwi."

Mama Pacha aliacha kuimba. "Una hakika?"

"Sijui. Ndiyo."

"Mwambie basi."

"Mwambie wewe, dada."

"Mimi? Nina watoto wawili bado wananihitaji. Nenda wewe, huna mtu."

Walikaribia kucheka, na hawakucheka, kwa sababu nyuma yao chuma kilikwaruza ukuta. Fundi alikuwa ameuchukua mkasi. Aliufuta meno kwa pindo la aproni, upande mmoja, upande wa pili, kama kawaida yake. Alipapasa ukingo wa kitambaa hadi kidole gumba kikakutana na mstari wa chaki. Akafungua mkasi.

Vifungo hakukumbuka baadaye alivyofika. Hakuzunguka meza, hilo analijua, kwa sababu nyonga yake ilikuwa na alama ya kona kwa wiki nzima. Alichokumbuka ni mkono wake mwenyewe, umetandazwa juu ya mahameli mbele ya meno ya mkasi, kana kwamba si wake.

"Toa mkono," Fundi alisema.

"Fundi, samahani."

"Toa mkono nitakukata."

"Mgongo umegeuka." Sauti ilitoka nyembamba, ikakatika, akaivuta tena. "Manyoya, Fundi. Kifua kinaenda huku, mgongo unaenda kule. Litatoka rangi mbili."

Cherehani zilinyamaza. Chini, dukani, mtu alikuwa akiuliza misumari ya inchi nne.

"Miaka kumi na mmoja unatoboa matundu," Fundi alisema, bila kupandisha sauti, "leo unanifundisha mahameli?"

Kijasho chembamba kilimteremka mgongoni. Maneno yote aliyokuwa nayo yalimkimbia, hata jina lake lilimkimbia. Mkono tu ndio uliobaki pale ulipokuwa, na kwa vile ulibaki, naye ikambidi abaki nao. Alishika kona ya kitambaa, akaikunjua uso ukatazama juu.

"Papasa, Fundi."

Fundi alipapasa. Vidole vyake vilikuwa vigumu kama soli za viatu. Sindano na pasi za moto zilikuwa zimeshavimaliza hisia. Alipapasa huku, akapapasa kule, na uso wake haukuonyesha kitu. Vifungo aliona kwamba hakusikia chochote, na akaogopa upya, kwa woga mwingine kabisa, ule wa kumwona baba wa nyumba akijikwaa. Lakini Fundi aliinama. Akakilaza kitambaa shavuni mwake, juu tu ya ndevu, akakipitisha polepole kwenda chini. Halafu kwenda juu.

Alikaa hivyo, macho ameyafumba, kwa muda ambao gari zima la takataka lilipita barabarani na kwisha.

"Sikuona," alisema. Kisha, kwa sauti ndogo zaidi, "Sioni, mama."

Hakuna aliyejua pa kutazama. Mama Pacha alijifanya kuokota pini.

Fundi aliuweka mkasi mezani, mpini ukielekea upande wa Vifungo. "Kata wewe."

"Hapana, Fundi! Mimi nilitaka tu kusema."

"Ijumaa gauni liwe limekwisha. Mimi nikikata naliua. Mama Pacha hajawahi kukata hata kitambaa cha meza."

"Kweli kabisa," Mama Pacha alidakia. "Hata kucha nakatiwa na mume wangu."

Mtu akiomba kusikilizwa huwa haombi kuachiwa mkasi. Vifungo alikuwa amejiandaa kugombezwa, kuchekwa, hata kufukuzwa. Kwa hilo la kuachiwa hakuwa amejiandaa. Aliifuta chaki kwa brashi ili apate muda wa kupumua. Akazipanga pateni upya, vichwa vyote upande mmoja, na hapo akaona lililokuwa likimngoja: vipande vyote vikiangalia upande mmoja, kitambaa hakitoshi. Alipanga tena. Aliegemeza kola kiunoni, akasogeza mgongo kidole kimoja. Kila kitu kiliingia isipokuwa mikono. Mikono iliishia vidole vinne chini ya kiwiko.

"Yule kasema mikono mirefu," Fundi alimkumbusha.

"Nampigia."

Alisema hivyo akidhani Mama Pacha ndiye angepiga. Mama Pacha alimpa simu yenyewe ikiwa tayari inaita.

"Hallo?" Nyuma ya sauti ya Muuguzi kitoto kichanga kililia.

"Hallo. Mimi..." Alitaka kusema Vifungo. "Mimi ni fundi wako. Wa gauni."

"Fundi? Mbona sauti imekuwa ya kike?"

"Fundi mwingine." Akaeleza, vibaya, akirukaruka, akarudi nyuma, akaeleza tena: manyoya, rangi mbili, mikono mifupi. Hakumtaja mtu. Vifungo alisikia moyo wake ndani ya sikio lililokuwa kwenye simu.

"Chini ya kiwiko, umesema?"

"Vidole vinne."

"Mwanangu, miaka yote hii nimekunja mikono ya nguo. Mirefu ningeikunja tu. Kata." Kisha, kabla Vifungo hajashusha pumzi, "Lakini usiniharibie, unanisikia? Kitambaa hicho hakuna tena."

Kama angetaka kumtia nguvu, asingemalizia hivyo. Vifungo aliirudisha simu kwa mkono ulioloa jasho, akaufuta kwenye sketi, mara mbili, akachora. Alipima kila mstari, akapima tena, akamsomea Fundi vipimo, na Fundi akavithibitisha kwa kichwa kutoka kwenye kumbukumbu, hakukosea hata kimoja. Alizigeuza pateni za mikono, moja kulia, moja kushoto. Aliziangalia. Aliziangalia tena. Macho yalimwambia ziko sawa na tumbo likamwambia haziko sawa, na hakuna njia ya kuwapatanisha wawili hao ila moja.

Mkasi ulikuwa mzito kuliko wa jikoni, na mpini bado ulikuwa na joto la mkono wa Fundi. Akauingiza ukingoni. Hapo akakwama. Alisimama ameshika mkasi uliofunguka, na vidole havikutii. Aliona mbele yake jumla ya mambo yote yanayoweza kuharibika, yamejipanga kama foleni ya zahanati, na yeye yuko mwisho kabisa.

Fundi Mkuu alizunguka meza, akashika ncha ya pili ya kitambaa kukituliza, kama mafundi wanavyoshikiana. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka, na Vifungo akatambua kwamba yule mzee naye alikuwa akiogopa. Pengine aliogopa kumzidi, maana yeye alikuwa akiogopa kuanza na mzee alikuwa akiogopa kwisha.

Alifunga mkasi. Meno yakala mahameli kiasi cha nusu kiganja, na mstari mweupe ukapasuka katikati sawasawa. Akafungua, akasogeza, akafunga. Kiganja kizima. Hakupumua. Mara akaona mstari mbele ya mkasi ukianza kupinda, kidogo tu, upinde wa unywele, ukielekea upande wa mzee. Akasimama. Fundi, kwa hofu, alikuwa amekaza, na kitambaa kilikuwa kikimfuata.

Angeweza kunyamaza. Angeweza kuendelea na kuufuata mstari uliopinda, na kama ni kosa lingekuwa la wawili. Alitazama ile mikono mizee upande wa pili wa meza, iliyomtungia uzi wa kwanza katika sindano.

"Unavuta, Fundi," alisema, taratibu kiasi kwamba hata Mama Pacha hakusikia. "Legeza."